Radiateri, Mwalimu, Kimya

Mukoloka, 11 Machi 2022

Shemeji Octave,

Assalamu alaikum. Utajibu kwa salamu ya padri wako na mimi nitaipokea, kama siku zote tangu nilipomuoa dada yako. Habari ya Kasongo? Mama Julienne amepona mgongo? Huku tuko. Mihogo imeshika, kuku wamepona ugonjwa wao, Amisa iko na afya na anakusalimia sana mjomba wake. Kaburi la mama yake tulilipalilia juma lililopita. Mimi mwenyewe niko mzima, ukiondoa macho.

Macho ndiyo sababu ya herufi hizi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. La kuume limebaki kujua mchana na usiku, basi. La kushoto linaona kama tulivyoona kwenye kioo cha lori letu, ile kamio, siku ile matope yalitupiga karibu na Lusangi na hatukuwa na maji ya kukiosha: tundu katikati, kandokando giza. Mwezi wa Januari nilishuka Kasongo kwa daktari. Nilipita kwako mara mbili, wakasema umetoka. Daktari alisema ni mdudu wa mtoni, anayeletwa na visubi, wale inzi wadogo weusi wanaouma penye maji ya kasi. Alisema tundu nalo litaziba. Labda mwaka, labda chini ya hapo.

Sasa nina ombi. Unayakumbuka maporomoko matatu ya barabara yetu ya mlimani. La kwanza Radiateri, pale tulipojaza maji injini ikichemka. La pili Mwalimu, tulimpa jina hilo juu yako, kwa sababu alikuwa haachi kusema. La tatu Kimya, ng'ambo ya bonde, maji yanaanguka marefu kama shuka iliyoanikwa na sikio halisikii kitu. Unakumbuka pia sheria ya madereva: abiria mgeni ananawa uso penye yote matatu, asiponawa anateremka. Mwaka wa 1994 ulikuja na shati jeupe kufundisha huku, ukabisha nusu saa nzima kwamba sheria hiyo haina msingi. Kamio nzima ilikungoja. Halafu ukanawa.

Nataka kuyaona mara moja tena, mimi na wewe. Gérard iko na jeep inayopanda huku kila baada ya juma mbili. Panda naye Kasongo, unifikie hapa, tushuke pole pole mpaka Radiateri, halafu turudi. Ni kazi ya siku moja. Njoo kiangazi, barabara ikikauka. Watu wa hapa wangeweza kunipeleka, lakini hawajui pale pa kusimama.

Shemeji wako,
Kamaldine


Kasongo, 4 Aprili 2022

Shemeji Kamaldine,

Amani ya Bwana iwe kwako, hata kama utaipitisha kwa imamu kwanza. Sisi ni wazima. Mgongo wa Julienne umepona. Ulimi wake haukuwahi kuugua. Anakuletea salamu, na anauliza kama bado unaimba ukila. Mpe Amisa salamu zangu, yeye na majirani wote wanaonikumbuka kwa wema, ambao najua ni wachache.

Barua yako imeniuma. Nilikuwa nje kweli siku zile za Januari, nikizunguka na karatasi ya kudai daraja. Nimewaandikia wakubwa mara tatu. Barua ya kwanza walisema haina muhuri. Ya pili walisema muhuri ni wa shule, na shule haina haki ya kuzungumzia madaraja. Ya tatu hawakusema kitu, nikajua imesomwa. Hii ndiyo nchi yetu, shemeji: mtu anaulizwa muhuri wakati mama mjamzito anavushwa mto mabegani. Nitaandika ya nne.

Na huyo daktari wako asikuhesabie siku. Mtu anayesema labda mwaka, labda chini ya hapo, anarusha kokoto gizani. Nimesoma habari za watu walioambiwa watapofuka na bado wanasoma gazeti. Kula vizuri, usikae juani, usikubali kuzikwa na sentensi ya mtu mwingine.

Nitakuja Julai. Mitihani ikiisha tu, nitapanda. Nimekwisha kumwambia Gérard aniwekee kiti cha mbele, kwa maana nyuma ni pa mihogo na wanasiasa. Tutasimama penye yote matatu na nitanawa bila kubisha, ukapate la kusimulia.

Kuhusu mdudu wa mtoni, tusiandike. Mambo yale ni ya zamani. Dada yangu Mathilde amelala, tumwache alale.

Shemeji wako asiyeacha kusema,
Octave


Mukoloka, 27 Agosti 2022

Shemeji Octave,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Julienne. Mwambie naimba bado, hata sasa ambapo sioni ninachokula. Mkono huu ni wa Amisa. Maneno ni yangu, isipokuwa mwisho, pale nitakapomwachia aweke yake.

Gérard alipanda mara tatu kiangazi hiki. Kila mara nilivaa shati ya Idi na kukaa kando ya barabara tangu asubuhi, kwa maana jeep yake naijua kwa mlio tangu kwenye kona ya Kimya. Mara ya kwanza alisema Mwalimu iko na mkutano. Mara ya pili alisema Mwalimu iko na homa. Mara ya tatu alinishikisha mkononi ile sukari na majani ya chai uliyotuma. Sukari ni nzuri. Asante.

Tundu lilikuwa limeziba tayari. Ilikuwa tarehe 9, kati ya alasiri na magharibi. Nilidhani ni wingu, nikamwambia Amisa aingize mahindi kabla mvua haijanyesha. Akaniambia, Baba, jua linawaka.

Basi sitaona tena, na hilo nimelikubali kwa Mungu. Lakini ombi langu nimeligeuza tu, sijaliondoa. Wewe nenda peke yako. Simama pale tuliposimama, uniandikie unachoona. Wewe unajua kuandika, hakuna mutu wa Kasongo anayebisha hilo, hata maadui zako. Amisa atanisomea na mimi nitaona.

Shemeji wako,
Kamaldine

Mjomba, ni mimi Amisa, nakusalimu kwa heshima. Mwezi ujao nagawa vidonge vya ugonjwa wa mtoni, kazi aliyoiacha mama. Fimbo yake ya kupimia, ile yenye alama nne, ya kuonyesha mtu wa urefu gani anakunywa vidonge vingapi, sasa ndiyo baba anatembelea. Siku ya kugawa nitamnyang'anya, naye atakaa nyumbani. Mwaka jana, kati ya watu mia nne na kumi, walikuja ishirini na wawili. Wengine walinisomea karatasi yako ya mwaka 2010, "Sisi si Mbao", ile uliyosema wanatupima kwa fimbo kama mbao za jeneza halafu wanatupa sumu. Wanaijua kwa kichwa, kama sala. Naomba uandike karatasi nyingine. Ni hilo tu.

Mpwa wako,
Amisa


Kasongo, 15 Novemba 2022

Shemeji wangu Kamaldine,

Upokee salamu zangu na za Julienne, na pole yetu sote. Barua yako nimeibeba mfukoni juma nyingi. Nisamehe Julai. Nisamehe pia sukari.

Nimekwenda. Mwezi wa Oktoba, siku mbili za mapumziko, nilipanda na motari mmoja wa pikipiki asiyependa kuongea, jambo ambalo kwangu lilikuwa adhabu ya kutosha. Sikuendelea mpaka kwako kwa sababu mvua ilikuwa inatufuata na motari alikataa kupita Kimya. Lakini yote matatu nimeyaona, na haya ndiyo niliyoyaona.

Radiateri linatoka kwenye mwamba kama lilivyokuwa, kwa urefu wa kamio mbili zilizosimamishwa. Jiwe letu la kukalia bado lipo, na ule mkwaruzo wa bampa bado upo. Nilinawa. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yaliuma.

Mwalimu nilimsikia kabla ya kumwona, kona mbili kabla, kama zamani. Amejaa. Anashuka kwa ngazi tatu, na penye ngazi ya mwisho anapiga jiwe na kurusha moshi mweupe mpaka barabarani. Jua lilitoka kidogo, na ndani ya ule moshi nikaona upinde wa mvua, umesimama juu ya jiwe, mguu mmoja majini, mguu mmoja kwenye majani. Nikamwambia motari, tazama, huyo ni mimi, hajachoka bado. Hakucheka.

Kimya niliwasili saa ya ukungu. Kwanza hapakuwa na kitu, bonde jeupe tu. Halafu ukungu ukafunguka na maji yakawa pale, marefu, bila sauti, kama mtu aliyekuwa anakusikiliza muda wote na wewe hukujua. Nilisimama pale tuliposimama. Nilisema jina lako kwa sauti.

Mwambie Amisa nimesoma maneno yake. Mambo ya karatasi yanataka utulivu, sipendi kuyaandika kwa haraka.

Shemeji wako,
Octave


Mukoloka, 10 Januari 2023

Shemeji Octave,

Mwaka mpya uwakute wazima, wewe na Mama Julienne. Sisi tuko. Amisa alipata malaria, akapona. Mbuzi amezaa wawili.

Barua yako Amisa alinisomea mara tatu. Mara ya kwanza nililia, sitaficha. Mara ya pili Amisa alisoma polepole, akafika kwa Mwalimu, akanyamaza. Nikamwambia endelea. Mara ya tatu niliomba mimi, nipate uhakika.

Mwalimu hana maji, Octave. Tangu mwaka 2019. Wachimbaji waliotoka Salamabila walipata dhahabu kwenye kijito cha chini, wakakata mfereji huko juu na kuyapeleka maji upande wa pili wa kilima, waoshee mchanga. Ile ngazi ya mwisho ulipoona upinde ina mahema ya turubai, na mama mmoja anauza wali na maharage juu ya jiwe. Kila motari anajua. Gérard anajua. Ungemuuliza mutu yeyote sokoni Kasongo angekuambia. Lakini hukuuliza, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba hukwenda.

Sikuandiki kwa hasira. Uongo wako ulikuwa mzuri, na mimi nilikuwa nautaka. Lakini najua kwa nini hupandi huku, na tumeshakaa muda mrefu bila kulisema, basi nalisema mimi.

Mwaka ule wa vidonge, watu walikunywa, wakavimba nyuso, wakajikuna mpaka damu. Mzee mmoja akafa, na wewe uliandika karatasi. Nani aliibeba? Mimi, kwenye kamio yangu. Niliisoma kwa mdomo wangu katika vijiji kumi na kimoja, nikisimama juu ya mizigo, na watu walipiga makofi. Dada yako alikuwa mgawaji, mke wangu, analala nyumbani kwangu, na mimi nilisoma. Tulipofika Mukoloka vijana walimnyang'anya Mathilde fimbo wakaitupa mtoni. Aliingia majini na nguo zake akaitoa. Nilikuwa pale, kandokando. Sikuingia.

Baada ya hapo alikunywa vidonge peke yake kila mwaka, kimya, na hakuniuliza tena. Alikufa na homa, lakini macho yake yalikuwa kama ya msichana. Hapa kijijini tumefika vipofu kumi na tisa. Wote ni watu waliopiga makofi.

Kwa hiyo shimo hili tulilichimba wawili. Sitaki uniandikie tena maporomoko. Nataka uje unipeleke, hivi nilivyo, halafu usimame mbele ya watu wa Mukoloka uwaambie kwa mdomo, kama mimi nilivyowasomea kwa mdomo. Karatasi haitoshi. Karatasi walishapata.

Shemeji wako,
Kamaldine


Kasongo, 2 Julai 2023

Shemeji Kamaldine,

Nakusalimu, nakuuliza hali, namuuliza Amisa hali, kisha naacha adabu, kwa sababu nimejificha nyuma ya salamu muda wa kutosha.

Nusu mwaka barua yako imekaa mezani. Nimeandika majibu saba. Katika la kwanza nilikushambulia wewe. La pili niliwashambulia wachimbaji, la tatu serikali iliyowaacha wachimbaji, la nne nchi zote zilizotufanya tuogope kila kitu kinachotoka nje, na hapo nilikuwa na mengi ya kweli ya kusema. Hiyo ndiyo hatari yangu, shemeji. Daima nina mengi ya kweli ya kusema. Babu zetu walipimwa kweli kwa kamba na mijeledi, walichanjwa bila kuulizwa, walihesabiwa kama magunia. Sikudanganya katika lolote la hayo. Nilichukua ukweli wa babu zetu nikaufunika nao jambo nisilolijua.

Sasa sikiliza ambalo hata wewe hulijui. Mwaka 2014 nilikwenda kituo cha afya kwa ajili ya jino. Nesi mmoja, Cécilia, msichana tu, alinitambua, akatoa kitabu akanifungulia ukurasa. Umeandikwa kwamba mtu akinywa kidonge anavimba na kujikuna kwa sababu wadudu wanakufa ndani ya ngozi, na mwenye wadudu wengi anavimba zaidi. Yaani kila uvimbe niliouita ushahidi wa sumu ulikuwa ushahidi wa dawa. Nilisoma ukurasa ule mara nne. Kisha nikamwambia umeandikwa na wale wale wanaouza vidonge. Akasema, Mwalimu, vidonge haviuzwi. Nikatoka, na jino langu mdomoni.

Mathilde alikuwa hai bado. Wewe ulikuwa unaona bado, unaendesha. Ningepanda jeep juma lile. Lakini nimezoea kushindwa na serikali, kunanipa heshima. Kushindwa na nesi sikukuweza.

Nakuja na Gérard tarehe 18. Nimemlipa safari nzima, ili nisiweze kughairi bila yeye kunicheka. Usinivalie shati ya Idi. Tutasimama penye yote matatu, na Mwalimu pia, hivyo alivyo. Jioni yake uwaite watu.

Shemeji wako,
Octave


Mukoloka, 6 Agosti 2023

Shemeji Octave,

Salamu. Natumaini ulifika salama. Uliondoka alfajiri bila kuniaga, Gérard ndiye aliniambia, kwa hiyo nakuandikia yale uliyoyaacha.

Kwanza safari. Kwa Radiateri uliniosha uso kwa mikono yako, na visubi walituuma wote wawili. Nikawaza, ndiyo hapa. Kila safari tulikaa hapa saa nzima tukingoja injini ipoe, mikono wazi, miguu wazi, tukiwachekea abiria wageni. Sheria yetu ya kunawa ilitufanya chakula chao.

Kwa Mwalimu nilisikia mashoka, redio, na yule mama anaita watu wali. Maji sikuyasikia hata tone. Uliuliza wachimbaji kama yatarudi. Mmoja alikuambia, "Mwalimu, yatarudi kufanya nini?" Ulitaka kubisha. Nilisikia pumzi yako ikijiandaa. Halafu ukaiachia.

Kwa Kimya nilikuuliza, "Unaona nini?" Ukasema, "Maji ni membamba kuliko nilivyokumbuka. Kuna mti umeanguka kushoto. Sina la kuongeza." Shemeji, katika miaka yote hujawahi kunieleza kitu vizuri hivyo. Niliuona ule mti.

Sasa jioni. Ulisema vizuri, ulisema kwa ufupi, ulisema "nilikosea" mara tatu. Halafu Atumani wa baiskeli akasimama. Najua kilichokufukuza ni hicho. Alisoma kwa kichwa mstari wako mwenyewe, wa mwisho wa karatasi: "Siku mtakaposikia hata mmoja wetu anasifu vidonge hivi, hata kama ni mimi, jueni amenunuliwa." Watu wakacheka. Akakuuliza, "Walikupa ngapi, Mwalimu? Jeep nzima ya kukodi, peke yako, na nani amelipa?" Wewe ukasema umelipa wewe, wakacheka zaidi. Mutu mmoja nyuma akasema karatasi ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko hii.

Ukakaa. Nilikusikia ukikaa. Nikakutafuta kwa mkono, hukuwepo tena pale.

Ngoja nikuambie kilichofuata. Nilimpa Amisa fimbo, nikamwambia anipime. Hakuwa na haja ya kunipima, ananijua, lakini alinipima mbele yao, akaita alama ya nne, akanipa vidonge vinne, nikavimeza. Nikawaambia, mimi havinirudishii kitu, nakunywa ili mujue kwamba mutu aliyewasomea ameacha kusoma. Vipofu sita wakasimama nyuma yangu. Wenye macho, tisa. Si wengi. Lakini wewe ulikuwa nyumba ya pili, kwenye kitanda changu, macho yako wazi kabisa, na hukutoka kupimwa.

Hilo ndilo ninalokudai, si lingine. Rudi upimwe. Hata wakicheka.

Shemeji wako,
Kamaldine


Mukoloka, 21 Aprili 2024

Mjomba Octave,

Nakusalimu, wewe na Mama Julienne. Natumaini mu wazima. Sisi tuko kama tulivyo.

Hii ni barua yangu ya tatu mwaka huu. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe 12 Februari, kukuambia kwamba baba ameondoka, siku mbili za kifua, hakuteseka sana. Motari alisema alikupa mkononi, uliisoma umesimama, ukamshukuru. Tulikungoja matanga yote. Ya pili nilikutumia siku ya arobaini, na hiyo pia ilifika. Sikuandiki tena kukulaumu. Baba kabla ya kufa aliuliza kama Gérard amepita. Nilisema bado. Akasema Gérard ana kiti cha mbele. Sijui alikuwa wapi wakati huo.

Nakuandikia kuhusu fimbo.

Imerudi kwangu, sasa ni ya kazi tu. Juzi, siku moja kabla ya kugawa, niliifuta vumbi nikaona alama ya pili haipo. Ni pale baba alipokuwa anashika. Kiganja chake kimeila miaka miwili, mti umekuwa laini kama sabuni, hakuna hata mstari. Na hiyo ni alama ya watoto: chini yake kidonge kimoja, kufika hapo viwili. Kituo cha afya ni mwendo wa siku nzima, na vipimo vya sentimita sikuwahi kufundishwa, nilipokea fimbo ikiwa imekwisha kuchongwa. Nilikaa nayo uwanjani nikiwaza niahirishe.

Atumani alikuwa anapita na baiskeli. Akaniuliza kama leo mbao zimeisha. Nikamwambia ukweli, alama imefutika. Akacheka, akaegemeza baiskeli, akaanza kunisomea, kama anavyonisomea kila mwaka: "Sentimita tisini, kidonge kimoja. Mia moja na ishirini, viwili. Mia moja arobaini na moja, vitatu. Mia moja hamsini na tisa, vinne. Hata muuza mbao wa Kasongo hapimi kwa uangalifu hivi." Ni ukurasa wako wa pili, Mjomba, pale ulipowacheka kwa namba zao.

Nilimwomba arudie. Akarudia, polepole, mpaka alipoelewa anachofanya. Lakini alikuwa ameshafika kwenye vinne.

Nilikwenda kwa fundi cherehani, nikaomba futi yake, nikapima kutoka chini, nikachonga. Alama tatu zilizobaki zilikubaliana na karatasi yako kabisa, hakuna hata unywele. Kwa hiyo ulinakili sawasawa. Nilitaka ulijue hilo.

Siku ya pili walikuja watu thelathini na mmoja. Atumani hakusimama apimwe. Lakini kisu nilichochongea ni chake.

Mpwa wako,
Amisa